“Take a gander”: dhana potofu na ukweli kuhusu msemo wa Kiingereza wa kutazama

Fungua kamusi yoyote ya Kiingereza kwenye neno “gander”, na maana ya kwanza utakayoikuta ni ndege: bata bukini dume. Kisha unamsikia Mwingereza au Mmarekani akimwambia mwenzake “Take a gander at this”, na hapo hapana bata, hapana banda, wala hapana anayechukua kitu. Anachosema ni “hebu tupia jicho hapa”. Katika nafasi hiyo iliyopo kati ya ndege na jicho zimeota hadithi nyingi za asili, na wanaozisambaza si wageni peke yao. Wenye lugha nao wamo. Msemo huu una historia nzuri inayoweza kufuatiliwa kwenye maandishi, na inasikitisha kuiona ikifunikwa na hadithi za kubuni.

Dhana: Kumwambia mtu “take a gander” ni kumwambia akodoe macho, kwa hiyo ni utovu wa adabu

Sivyo. Msemo huu ni wa kawaida kati ya watu wanaozoeana, na unabeba udadisi, si ufidhuli. Fundi gari akigundua pampu inavuja humwita mwenzake: “Come and have a gander at this.” Ni kama kusema “njoo ucheki hapa”. Anayetazama anatafuta kujua jambo, ndiyo maana neno hili halilingani na “glance”, ambalo ni kutupa jicho mara moja na kuliondoa, wala na “stare”, ambalo ndilo la kukodoa. Muda wa kutazama haumo ndani ya neno. Msemaji huuongeza mwenyewe akitaka. “A quick gander” ni ya haraka, “a good gander” ni ya kuridhika.

Ufidhuli hauji na neno, huja na kinachotazamwa. Kutumia “take a gander” kwa injini, nyumba, mkataba au gazeti hakuna tatizo. Kuitumia kwa mwili wa mtu, na hasa akiwa anasikia, ni kumfanya kitu cha maonyesho.

Ugumu kwa anayejifunza uko kwenye umbo la sentensi, na hapa inafaa kuwa makini. Vitenzi vinavyoshika msemo huu kwa kawaida ni viwili: “take”, kinachosikika zaidi Marekani, na “have”, kinachosikika zaidi Uingereza. Kitenzi “do” hakikubali, na “make” hakikubali. Kinachotazamwa hutanguliwa na “at”. Anayeandika “take a gander to the map” atajulikana papo hapo kwamba ametafsiri kichwani. Kama kitu kinachotazamwa kiko mbele ya wote, “at” na kinachofuata huachwa kabisa: “Go on, have a gander.” Hakuna wingi: “take ganders” haisemwi. Na kijineno “a” ndicho kinachoushikilia msemo mzima. Kikibadilika kuwa “the”, sentensi inageuka kuwa amri ya kumchukua ndege: “Take the gander” ni maneno ya mfugaji.

Msemo huu pia una umri wake masikioni. Wengi huutumia kwa utani mwepesi, kwa sababu unasikika kama maneno ya wazee au ya filamu za zamani. Hauingii kwenye barua ya kuomba kazi, ripoti ya daktari wala hati ya mahakama. Huko neno ni “look”, “examine” au “review”.

Dhana: Msemo umetokana na macho makali ya bata bukini

Hii ndiyo hadithi inayorudiwa kuliko zote, na inakaribia kweli kiasi cha kupotosha. Ndege ni yule yule, lakini kiungo sicho. Ni shingo.

Ushahidi upo kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Wakusanyaji wa lahaja waliofanya kazi katika jimbo la Cheshire walichapisha orodha zao za maneno katika miaka ya 1880, na humo mna kitenzi “gonder”, ambacho ni “gander” kwa matamshi ya wenyeji wa huko. Maana waliyoiandika ni kurefusha shingo kama bata bukini dume, kusimama ukitazama. Angalia mpangilio wake: kwanza shingo, kisha kutazama. Hakuna neno lolote kuhusu ukali wa macho. Mtu wa Cheshire aliyemwona jirani amesimama juu ya ua, kidevu mbele, akichungulia mambo ya watu, alimwona amesimama kama bata.

Aliyewahi kukaa karibu na bata hawa ataielewa picha hiyo bila maelezo. Kundi likiwa malishoni, shingo zote zimeinama na midomo inakata nyasi. Mmoja akisikia kitu, shingo yake hupanda na kunyooka wima kama fimbo, mwili wote unaganda, kisha kichwa kinageuka upande. Anageuza kichwa kwa sababu macho yake yako ubavuni mwa kichwa na si mbele kama yetu. Kila jicho linaona eneo pana la upande wake, na sehemu ndogo tu mbele ya mdomo ndiyo inayoonwa na yote mawili kwa pamoja. Akitaka kukichunguza kitu vizuri hukielekezea jicho moja. Shingo yenyewe ina pingili zaidi ya mara mbili ya zile 7 zilizomo katika shingo ya binadamu, ndiyo maana inaweza kupanda, kupinda na kugeuka kwa namna ambayo sisi hatuwezi.

Afrika Mashariki, mandhari hiyo inaonekana kwenye kingo za Ziwa Naivasha na ndani ya Ngorongoro, anakoishi yule anayeitwa kwa Kiingereza bata bukini wa Misri. Wataalamu wa ndege hawamweki kwenye ukoo mmoja na bata bukini wa Ulaya, lakini akishtuka naye husimamisha shingo kwa namna ile ile.

Wanaoshikilia hadithi ya macho huleta Roma kama shahidi: mwaka 390 KK, kwa hesabu ya jadi, Wagalia, wavamizi kutoka kaskazini, walipanda usiku kilima cha Capitolinus mjini Roma, na bata wa mungu Juno wakawaamsha walinzi. Hadithi hiyo inasimuliwa na mwanahistoria Livy, na inafaa kusomwa kwa makini. Kilichowaokoa Warumi katika simulizi hiyo ni kelele za bata na kupigapiga mbawa, tena usiku. Haisemi lolote juu ya uwezo wao wa kuona.

Zaidi ya hayo, Kiingereza kimeonyesha mara kadhaa kwamba shingo ndiyo njia yake ya kuuendea utazamaji wa aina hii. Tangu mwisho wa karne ya 18 kuna kitenzi “crane”, kurefusha shingo ili kuona, kutokana na ndege aitwaye korongo. Na Marekani ya miaka ya 1890 ikazaa “rubberneck”, shingo ya mpira, kwa mtu anayegeukageuka kushangaa kila kitu, hasa watalii mijini. Hata leo madereva wanaopunguza mwendo ili kutazama ajali iliyotokea upande wa pili wa barabara, na kusababisha foleni, huitwa hivyo. Korongo, mpira na bata wote wameingia kwa mlango mmoja.

Kwa nini basi dume na si jike? Wote wawili wana shingo hiyo hiyo. Ila katika bata bukini jike ndiye anayelalia mayai, kwa siku 28 hadi 30 hivi, na muda huo dume husimama karibu akilinda, shingo juu, tayari kumkimbiza hata mbwa. Kwa watu wa mashambani Uingereza, aliyeonekana amesimama akitazama ni huyo dume. Tena jina la jike, “goose”, lilikwisha kushikwa na kazi nyingine: kumwita mtu “goose” ni kumwita mpumbavu, na matumizi hayo ni ya zamani sana.

Dhana: “Gander” la kutazama ni lile lile la kuzurura

Kuna ukweli nusu hapa. Mwishoni mwa karne ya 17 Kiingereza kilikuwa na kitenzi “gander” chenye maana ya kutangatanga bila mwelekeo, na baadaye pia kupayuka ovyo. Nacho kimetokana na ndege huyu, kwa mwendo wake wa kuyumba. Watu wameunganisha: anayezurura hutazama huku na huku, kwa hiyo kuzurura kumezaa kutazama.

Tatizo ni kwamba maandishi hayaonyeshi daraja hilo. Pale kitenzi kinapojitokeza na maana ya kutazama, wakusanyaji wa lahaja wanakieleza moja kwa moja kwa shingo iliyorefushwa, na aliyeelezwa amesimama, hatembei. Ndege mmoja ametoa vitenzi viwili, kimoja kwa miguu yake na kingine kwa shingo yake. Jambo hilo ni la kawaida kwa wanyama wanaoishi na watu.

Dhana: Ni msemo wa majambazi wa Marekani

Msingi wa dhana hii ni orodha ya misimu ya wahalifu iliyochapishwa Portland, Oregon, mwaka 1914, ambamo “gander” imewekwa kama nomino ya kutazama kwa kuchunguza. Filamu za zamani za wapelelezi zikaukoleza uhusiano huo.

Lakini kuwemo katika orodha ya wahalifu si cheti cha kuzaliwa. Wahalifu husema lugha ya mtaa wao, na mkusanyaji huandika anachosikia. Kitenzi chenyewe kilikuwa kimeandikwa Cheshire miongo miwili na zaidi kabla ya hapo, kwenye vinywa vya wakulima. Marekani iliongeza umbo: nomino inayotanguliwa na “take a”, na hilo ndilo lililoenea duniani. Anayesema “msemo ni wa Marekani” yuko sahihi kwa umbo la leo na anakosea kwa mzizi.

Dhana: Umetokana na mji wa Gander, Kanada

Hapana. Mji huo wa Newfoundland ulikua kutokana na uwanja wa ndege uliojengwa katika miaka ya 1930. Ndege ya kwanza ilitua Januari 1938. Wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza baada ya Septemba 11, 2001, siku ambayo ndege 38 za abiria zilielekezwa kutua huko, na wenyeji wakawapokea watu zaidi ya 6,000. Kumbukumbu za Cheshire zimeutangulia mji huo kwa nusu karne.

Dhana: Una uhusiano na methali ya mchuzi wa bata

Methali ni “What’s sauce for the goose is sauce for the gander”, na umbo lake la awali limo katika mkusanyo wa methali za Kiingereza uliotolewa na John Ray mwaka 1670. Inadai usawa: kinachoruhusiwa kwa mmoja kiruhusiwe kwa mwingine, na mara nyingi hutajwa kuhusu mume na mke. Ndege ni yule yule, kutazama hakumo.

Dhana: Misimu yote ya Kiingereza ya kutazama ni ya Cockney

Hapa pana utajiri mkubwa. Kiingereza kina maneno mengi ya mtaani ya kutazama, na kila moja limeingia kwa njia yake. La Cockney kweli, yaani la watu wa mitaani wa London, ni “have a butcher’s”.

Butcher ni mwuza nyama, na hadithi zimetungwa kwa urahisi: eti wauza nyama walikuwa na jicho la kupima uzito, au wateja walisimama wakitazama mapande yaliyoning’inia. Ukweli ni kwamba mwuza nyama hahusiki kwa lolote. Yumo kwa sababu ya kina, kama cha ushairi. Huu ni msimu wa vina wa London, na unatengenezwa hivi. Unachukua neno unalotaka kulificha, hapa “look”. Unatafuta kifungu cha maneno mawili au matatu kinachoishia kwa sauti ileile: “butcher’s hook”, yaani ndoano ya mwuza nyama. Kisha unaitupa sehemu yenye kina, ambayo ndiyo pekee ingempa mgeni fununu, na unabaki na “butcher’s”. “Have a butcher’s at that” ni kutazama, na anayesikia bila kujua hatua ya mwisho hana pa kushikia. Vijana wa pwani yetu wamekuwa na kinyume chao cha kupindua silabi, mbuzi akawa zimbu, kwa haja hiyo hiyo ya kumwacha asiyehusika nje ya maongezi.

Mfumo huu ulikuwa umestawi London kufikia katikati ya karne ya 19. Kamusi za misimu za mwaka 1857 na 1859 tayari zina mifano yake, ukiwemo ule maarufu wa “apples and pears” kwa ngazi, “stairs”. Mingine imeenea hadi watu wameisahau asili yake. Mwingereza anayemwambia mtoto “use your loaf”, tumia akili, anatumia “loaf of bread” badala ya “head”. Anayesema mwenzake anatoa “porkies” anatumia “pork pies” badala ya “lies”.

Makosa ya kawaida kwenye “butcher’s” ni mawili. Moja ni kuacha “s” na kusema “have a butcher”, ambayo haieleweki. La pili ni kulitupa lile alama la umilikishi na kuandika “butchers” kama wingi. Hata Waingereza wenyewe hukosea hapo, lakini ndoano ni ya mwuza nyama mmoja. Na jihadhari ukifika Australia: huko “butcher’s hook” kimeshikwa na kina kingine, “crook”, ambalo kwao ni mgonjwa au mwenye hasira. Msikilizaji anaweza kudhani unazungumzia homa au ugomvi.

Kuhusu nani hasa ni Cockney, kauli ya jadi inasema ni aliyezaliwa mahali ambapo kengele za Bow zinasikika. Wengi hudhani kengele hizo ziko kitongoji cha Bow, mashariki mwa London. Ziko kanisa la St Mary-le-Bow, barabara ya Cheapside, ndani ya kitovu cha jiji la kale. Ziliharibiwa na mabomu Mei 1941 na hazikulia tena hadi 1961, kwa hiyo kwa kauli hiyo ikichukuliwa neno kwa neno, kwa miaka 20 hakuzaliwa Cockney hata mmoja.

Australia na New Zealand nazo zina kina chao: “have a Captain Cook”. Watu husimulia kwamba nahodha James Cook, aliyefika pwani ya mashariki ya Australia mwaka 1770, alisimama melini na darubini. Darubini anaweza kuwa nayo, lakini msemo hauihitaji. Cook analingana kwa sauti na “look”, basi.

“Have a dekko” haina London ndani yake. Ni “dekho” ya Kihindi, amri ya kitenzi “dekhna”, kutazama. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India walilichukua, na kabla ya karne ya 19 kwisha lilikuwa limeingia kwenye Kiingereza chao. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia kwenye filamu za Kihindi amelisikia neno hili kwenye sinema na nyimbo muda mrefu kabla ya kukutana nalo kwenye riwaya ya Kiingereza. Wapo wanaodai limetoka kwa Waroma, jamii iliyotawanyika Ulaya (si Warumi wa kale), kwa sababu kitenzi chao cha kuona kinaanza kwa “dikh”. Ufanano huo ni wa kweli, ila ni ufanano wa ndugu: lugha ya Waroma ilitoka India, na vitenzi hivyo viwili vina ukoo mmoja. Silabi ya mwisho, ile “o” ya amri ya Kihindi iliyobaki bila kuguswa, ndiyo inayoonyesha mlango lilikoingilia.

“Have a shufti” ni ya Kiarabu. Waswahili wa Muscat na Dubai wanaisikia “shuf”, tazama, kila siku sokoni. Kiarabu cha mitaani hutumia kitenzi hicho kwa kuona, na “shufti” ni umbo la kumwambia mwanamke “umeona”. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Misri na nchi jirani, hasa wa jeshi la anga, walilibeba lilivyo bila kujali jinsia, na katika Vita Kuu ya Pili likaenea jeshini kote. Wakalitumia hata kuitaja safari ya ndege ya kwenda kuchungulia maeneo ya adui.

“Have a look-see”, nayo ya karne ya 19, ilianza kwa kuiga Kiingereza cha biashara cha bandari za China. Asili hiyo ina dharau kidogo ndani yake, ingawa wanaoitumia leo kwa kawaida hawaijui.

Dhana: “Peeping Tom” ni namna nyingine ya kusema hivyo hivyo

Hili ni kosa lenye madhara. “Peeping Tom” ni mtu anayewachungulia wengine kwa siri wakiwa faraghani, na kumwita mtu hivyo ni kumshutumu. Jina limetokana na simulizi ya Godiva wa Coventry, mwanamke wa karne ya 11 anayesemekana kupita mjini uchi akiwa juu ya farasi ili watu wake wapunguziwe kodi, huku wote wakiwa wamejifungia ndani isipokuwa Tom. Masimulizi ya kale ya Godiva hayana Tom hata kidogo. Aliongezwa katika karne ya 17, miaka mia kadhaa baada ya mama huyo kufa. Usimwite rafiki hivyo kwa sababu tu ametupia jicho simu yako.

Kuipima hadithi ya asili kabla ya kuiamini

Uliza kwanza maandishi ya kwanza ni ya mwaka gani. Tukio linalodaiwa kuzaa msemo likiwa limekuja baada ya maandishi hayo, hadithi imekufa, kama ilivyokufa ya mji wa Gander. Kisha uliza yameandikwa wapi, na waliokuwa wakilisema ni watu gani: wakulima wa Cheshire, wachuuzi wa London, wanajeshi wa India. Baada ya hapo tafuta daraja la maana. Kutoka ndege hadi kutazama ni mbali; kutoka ndege hadi shingo, na kutoka shingo hadi kutazama, ni hatua mbili fupi, na hatua ya kati imeandikwa kwenye kamusi za lahaja. Pasipo daraja, bado una kisio. Angalia pia sauti: neno lililoazimwa kwa masikio hubeba alama za lugha lilikotoka. Na hadithi ikiwa na mhusika mmoja mwenye jina, mahali kamili na kauli kamili aliyoitamka, zidisha mashaka. Misemo michache sana huzaliwa hivyo.

Dhana: Kiswahili chake ni “chungulia”

Kwa wanaotafsiri, hapa ndipo kazi huharibika. “Chungulia” kina kizuizi ndani yake: kuna mlango, dirisha, tundu au ukuta, na anayetazama amejificha nusu. “Take a gander” haina kizuizi. “Kodolea” ni nzito mno, na “piga chabo” ya Kitanzania inabeba wizi, iwe ni kwenye mtihani au dirishani kwa mtu. Zinazolingana ni “tupia jicho” kwa sauti ya kati, “hebu angalia” ukitaka kutokosea kokote, na “cheki” kati ya vijana, Nairobi na Dar es Salaam vilevile. “Have a good gander” iwe “angalia vizuri” au “tazama mpaka uridhike”.

Kwa manukuu ya filamu, ambako nafasi ni finyu, “Take a gander at this” ina herufi na nafasi 21, na “Hebu tupia jicho hapa” pia ina 21, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikata. Mhusika akiwa mzee wa mashambani, “hebu tazama” inamkaa vizuri kuliko “cheki”. Akiwa mpelelezi wa filamu ya miaka ya 1940, “tupia jicho” inabeba ule wepesi wake. Na pale mwandishi anapocheza na maana zote mbili, mfugaji akisema “take a gander” huku bata yuko miguuni pake, mchezo huo hauvuki. Mpe msomaji kutazama, mwache bata aonekane kwenye picha.